Jino Likitoboka, Usikimbilie Kuling'oa: Mwongozo Kamili wa Kuziba kwa Rangi ya Jino

"Daktari, wewe ling'oe tu, limenichosha." Nimekaa kando ya kiti cha daktari wa meno miaka kadhaa, kwanza Kisumu na sasa Nakuru, nikishika mrija wa kunyonya mate na kupitisha pamba, na hilo ndilo ombi ninalolisikia kuliko mengine yote. Mtu ameshika shavu, huu ni usiku wa tatu hajalala, na moyoni keshaliaga jino lake. Mara nyingine huwa kweli limefika mwisho. Lakini mengi tunayoyang'oa yalianza na tundu dogo ambalo lingezibwa kwa saa moja, kazi ikaisha. Hilo huniuma kila mara, ndiyo maana naandika.

Nitaeleza kijazio cha rangi ya jino: ni kitu gani, kinafaa jino lipi, ujiandae vipi, nini hufanyika ukiwa umefumba macho kitini, na ukitunze vipi. Lipo jambo moja nitakalolirudia: kijazio hiki hakitaki maji. Kikiwekwa pakavu hukaa miaka. Kikiwekwa penye mate, hata kama kinapendeza siku ya kwanza, hakina maisha.

Kijazio chenyewe

Kinaitwa kompoziti. Ni resini, yaani plastiki ya aina fulani, iliyochanganywa na unga laini sana wa glasi. Huja laini kama unga wa chapati uliokandwa, kisha hugandishwa kwa mwanga wa bluu. Msingi wake uliwekwa Marekani. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba gamba la nje la jino, enameli, likipakwa asidi kidogo hupata vitundu visivyoonekana kwa macho, na humo plastiki inaweza kushika. Mwaka 1962 Rafael Bowen akapata hataza ya resini ambayo hadi leo ndiyo mama wa vijazio vingi. Kwa hiyo kompoziti haikai jinoni kwa kubanwa, bali kwa kugandana nalo.

Hapo ndipo inapotofautiana na amalgamu, ile ya rangi ya fedha ambayo wazazi wetu wengi wanayo. Amalgamu hubanwa tu, kwa hiyo daktari alilazimika kuchimba tundu lenye tumbo pana na mdomo mwembamba, kama chungu, hata kama sehemu nzima ya jino ingeondoka pamoja na mbovu. Kwa kompoziti anaondoa kilichooza na kuishia hapo. Sifa ya amalgamu ni kwamba huvumilia unyevu na haraka. Lakini karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulizitaka nchi zipunguze matumizi yake. Kama tayari unayo mdomoni na ni nzima, usiitoe kwa sababu ya rangi peke yake. Kuichimba hula jino na kutoa mvuke wa zebaki bure.

Kuna ndugu wa tatu, saruji ya glasi, ambayo madaktari huiita glasi ayonoma. Nayo inakaribia rangi ya jino, huvumilia unyevu kidogo na hutoa floraidi polepole, ila ni dhaifu chini ya kutafuna kwa nguvu. Kwa meno ya watoto na matundu yaliyo karibu na ufizi ni msaada mkubwa. Ukiambiwa "tutakuwekea nyeupe", uliza ni nyeupe ipi kati ya hizi mbili, kwa sababu bei na maisha yake si sawa.

Jino lipi linazibika

Sikiliza maumivu yako. Maji baridi yakikuchoma na uchungu ukaisha mara unapoyameza, au utamu wa chai ukikugusa kisha ukapita, mara nyingi neva bado ni nzima na jino linazibika. Uchungu ukibaki dakika nyingi baada ya maji kupita, ukikuamsha usiku, au jino likipiga kama moyo, uozo umefika ndani. Hapo kuziba juu peke yake ni kufungia moto ndani ya nyumba: jino litahitaji kutibiwa mzizi kwanza, au kung'olewa. Uso ukivimba, ukapata homa, au ukashindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, usingoje miadi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Dalili nyingine ni nyama inayonasa mahali pamoja kila mlo, uzi wa kusafishia meno unaochanika ukipita hapo, au ukingo unaokwaruza ulimi. Doa jeusi peke yake si uthibitisho wa tundu. Linaweza kuwa rangi ya chai iliyokaa kwenye mfereji wa gego, na daktari mzuri ataliacha.

Halafu kuna meno ya mbele yaliyovunjika. Nilipokuwa Kisumu, walioletwa na ajali za bodaboda hawakuisha. Ninamkumbuka kijana mmoja kutoka Kondele aliyekuja na kipande cha jino lake kimefungwa katika karatasi, kikavu kabisa. Daktari alimwambia, "Kijana wangu, ungekitia kwenye maziwa." Ndivyo ilivyo: kipande kikitunzwa kwenye maziwa au maji, kinaweza kugandishwa pale pale kilipotoka, na hakuna rangi itakayolingana na jino lako kuliko jino lenyewe. Ukiona nukta nyekundu katikati ya mvunjiko, hiyo ni neva, nenda siku hiyo hiyo. Jino zima la ukubwani likitoka na mzizi wake, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi, lisuuze kidogo kama limechafuka, lirudishe penyewe au litie kwenye maziwa, kisha uwahi. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye matumaini. Jino la utotoni halirudishwi.

Kama zaidi ya nusu ya gego imekwenda, kijazio cheupe kitajitahidi lakini huenda kuta zilizobaki zikapasuka. Hapo kofia ya jino ni jibu la kweli zaidi, ingawa ni ghali.

Kabla hujatoka nyumbani

Usiweke aspirini kwenye tundu. Haiponyi jino, na huunguza ufizi hadi ukawa mweupe na kuchubuka. Dawa za maumivu humezwa.

La pili watu wengi hawalijui: mafuta ya karafuu. Yanatuliza kweli, bibi zetu hawakukosea. Lakini ndani yake mna eujenoli, na eujenoli huzuia resini kuganda ipasavyo. Kama umekuwa ukitia pamba ya karafuu kwenye tundu, au uliwekewa kijazio cha muda chenye harufu ya karafuu, mwambie daktari kabla hajaanza. Atasafisha zaidi au atabadilisha mpango.

Kula kwanza, hasa kama una kisukari, kwa sababu ganzi itakuzuia kutafuna saa mbili tatu. Kunywa dawa zako za presha kama kawaida. Taja ujauzito, pumu, dawa za kuyeyusha damu, na kitu chochote kilichowahi kukudhuru mwilini. Kama ni jino la mbele, nenda bila rangi ya mdomo, na ukiweza chukua miadi ya mchana, kwa maana rangi huchaguliwa kwa mwanga wa dirishani. Na kama unataka kung'arisha meno, fanya hivyo kwanza na usubiri wiki mbili. Dawa ya kung'arisha haibadilishi rangi ya kijazio, na ikiwa imetumika juzi tu, hudhoofisha gundi.

Kumpata daktari na kumuuliza

Daktari wa meno Kenya husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na leseni yake huhuishwa kila mwaka. Kwa kawaida utaikuta ukutani. Usione haya kuisoma. Kisumu, Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee bado wanaiita Russia, ina idara ya meno. Nakuru iko ile ya hospitali kuu ya kaunti, ambayo sisi wengi bado tunaiita PGH. Kliniki za binafsi zimejaa katika miji yote miwili.

Uliza bei kabla ya kuketi, na uulize inahesabiwaje, maana wengi huhesabu kwa pande za jino zilizoharibika. Tundu la juu tu la gego ni upande mmoja. Likiingia na katikati ya meno mawili ni pande mbili, kazi mara mbili. Uliza kama picha ya eksirei na ganzi zimo ndani ya bei hiyo. Kama una SHA, yaani bima ya afya ya serikali, au bima ya kazini, piga simu kwanza ujue kuziba meno kumo au hakumo, usije ukagombana na karani ambaye hana kosa. Kisha uliza swali ninaloliona ni bora kuliko yote: "Daktari, mtalikaushaje jino langu?" Akikueleza shuka la mpira, au pamba zinazobadilishwa na mrija wa kunyonya, umefika. Akicheka swali, toka taratibu.

Kitini, hatua kwa hatua

Rangi huchaguliwa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Daktari atashika kipande chenye vijino vya mfano, kila kimoja na herufi na namba yake, na kukisogeza karibu na jino lako likiwa bado na mate. Sababu ni kwamba jino likikauka huwa jeupe kuliko lilivyo. Akichagua baada ya kukausha, kesho yake utakuwa na kijazio kinachong'aa peke yake kama taa.

Picha huonyesha uozo uliojificha katikati ya meno na umbali uliobaki kufika kwenye neva. Kisha ganzi. Atapaka jeli ya kutia ganzi ufizi, atasubiri, halafu sindano polepole. Mpe dakika kadhaa ishike. Ukihisi uchungu mkali wakati wa kusaga, inua mkono, ni haki yako kuongezewa. Kwa tundu dogo la enameli wakati mwingine ganzi haihitajiki.

Kusaga kuna sauti mbili. Mashine ya mwendo wa kasi hulia kwa sauti nyembamba na kurusha maji ili jino lisipate joto. Hiyo hufungua njia. Kisha huja ya mwendo wa pole, inayotetemesha taya, kwa kuondoa uozo laini. Uozo hukwanguka kama ngozi iliyolowa, wa kahawia, na daktari huendelea mpaka kifaa kiguse pagumu. Karibu na neva anaweza kuacha kidogo kwa makusudi kuliko kuitoboa. Hilo si uvivu.

Sasa kukausha, na hapa nataka ukae macho. Lililo bora ni shuka la mpira: kipande cha mpira chenye tundu, kinachovalishwa jino na kubanwa kwa kipini, jino likabaki limesimama peke yake kama kisiwa. Utahisi ajabu dakika mbili, halafu utazoea, utapumua kwa pua. Pasipo shuka, pamba huwekwa shavuni na chini ya ulimi, na msaidizi kama mimi huzibadilisha kila zinapolowa.

Ninayasema haya kwa uchungu wangu mwenyewe. Kabla sijaanza kazi hii nilizibwa gego la juu mahali fulani, siku ya foleni ndefu. Pamba ililowa hadi ikawa nzito juu ya ulimi, hakuna aliyeigusa, na nilihisi mate yakipanda jinoni. Nilitoka na kijazio kizuri cha kupigia picha. Mwezi wa nne, nikila githeri, kikatoka kizima. Nilikitema kiganjani nikidhani ni punje ya mahindi. Upande wa juu ulikuwa na mifereji iliyochongwa vizuri. Upande wa chini, uliotakiwa kushika jino, ulikuwa laini unaoteleza, na ndani ya tundu pameanza weusi upya. Daktari aliyelirudia alitumia muda mara mbili, kwa shuka, na bado natafunia jino hilo.

Likishakauka, hupakwa asidi ya fosfori ya takriban asilimia 37, jeli ambayo mara nyingi huwa ya bluu, kwa sekunde 15 hadi 30, kisha huoshwa kwa maji na kupulizwa. Enameli iliyoshika asidi hupoteza mng'ao na kuwa nyeupe kama chaki. Hiyo ndiyo alama tunayoitafuta. Mate yakigusa hapo, hatua hii hurudiwa tangu mwanzo. Kisha gundi husuguliwa jinoni, hupulizwa iwe nyembamba, na kuangaziwa taa.

Kama tundu liko katikati ya meno mawili, ukanda mwembamba huzungushwa jino na kabari ndogo ya mbao au plastiki husukumwa katikati, ili kijazio kisimwagike ufizini na meno yagusane barabara. Kabari huminya, ni kawaida. Ikikosekana, nyama itanasa hapo kila siku.

Kompoziti hutiwa kwa tabaka za takriban milimita 2, kila tabaka likipigwa taa ya bluu, mara nyingi sekunde 20. Zipo aina mpya zinazokubali tabaka nene zaidi, lakini sababu ya tabaka ni hii: mwanga haufiki mbali, na resini ikiganda husinyaa kidogo. Ukijaza lote mara moja, chini litabaki laini na kingo zitavuta jino. Usiitazame taa hiyo. Utapewa miwani, au tutaikinga kwa kioo cha rangi ya chungwa.

Mwisho utang'ata karatasi ya rangi. Alama itakapokolea kuliko penginepo ndipo kijazio kimezidi, na daktari atapunguza kidogo kidogo, kisha kung'arisha. Kwa kuwa una ganzi, unaweza kujiona uko sawa kumbe hauko. Nitarudi hapo.

Siku zinazofuata

Kijazio kimeshaganda unapoinuka kitini, kwa hiyo kinachokuzuia kula ni ganzi tu. Usitafune mpaka midomo iamke, na mchunge mtoto, maana watoto hujiuma shavu hadi likavimba bila kujua. Jino linaweza kushtuka kwa baridi au joto siku kadhaa, hata wiki mbili, likiendelea kupungua. Lakini likiuma unapong'ata, au likigusa kabla ya meno mengine, rudi hata kama ni kesho. Ni kazi ya dakika 5 kulipunguza. Nimeona watu wakivumilia mwezi mzima kwa heshima, wakisema hawakutaka kumsumbua daktari, mpaka jino likapasuka. Msumbue.

Sisi wa Nakuru na meno ya kahawia

Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutia floraidi nyingi katika maji ya visima vingi vya huku, na mtoto anayekua akinywa maji hayo, enameli huumbika ikiwa na madoa meupe, kahawia, hata mashimo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi, bali maji yakipungua sufuriani floraidi huzidi kukolea. Maji ya mvua ya bati safi hayana shida hii, na kuna vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambavyo Jimbo Katoliki la Nakuru limefanya kazi kubwa kuvitengeneza na kuvisambaza.

Madoa haya hutokea jino likiwa bado linaumbwa ndani ya ufizi, takriban miaka 8 ya kwanza. Mtu mzima hawezi kuyapata. Kwa hiyo usiogope dawa ya meno yenye floraidi, unaihitaji dhidi ya uozo. Kwa mtoto chini ya miaka 3 paka kiasi cha punje ya mchele, kuanzia hapo hadi miaka 6 kiasi cha mbegu ya njegere, na umfundishe kutema.

Kompoziti inaweza kufunika madoa haya kwa tabaka jembamba mbele ya jino. Lakini enameli iliyojaa floraidi hukataa asidi, kwa hiyo daktari huongeza muda wa kuipaka, au hukwangua juu kidogo kwanza. Pasipo hivyo, ngozi hiyo mpya hubanduka. Kwa madoa mepesi, kusugua kwa asidi na unga maalum, au kung'arisha, huenda kukatosha bila kuziba chochote. Msichana mmoja aliletwa na shosho yake baada ya kidato cha nne. Alikuwa akiongea na kiganja mdomoni, hata jina lake tulilisikia kwa shida. Meno manne ya juu yalichukua asubuhi nzima. Alipopewa kioo, alikitazama kimya, kisha akamgeukia shosho na kuongea naye kwa muda mrefu, na mkono wake ulikuwa mapajani wakati wote.

Kukitunza

Kijazio cheupe kilichowekwa vizuri hukaa miaka 5 hadi 10, na vingi hupita hapo. Kinachokiua mara nyingi ni uozo mpya ukingoni mwake. Bakteria wa mdomoni hugeuza sukari kuwa asidi, na kila mkupuo wa utamu huishambulia enameli kwa takriban nusu saa. Kwa hiyo vikombe viwili vya chai yenye sukari pamoja na chakula ni afadhali kuliko kikombe kimoja kinachonywewa kidogo kidogo tangu saa nne hadi saa nane. Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, teme, usisuuze sana.

Ukiwa upande wa Muhoroni au Mumias, miwa ni chakula cha njiani. Kata vipande vidogo, utafune kwa magego, usimenye kwa jino la mbele lililozibwa. Chupa ya soda ina kifunguo chake. Mahindi makavu ya kukaanga na vijiwe vya dengu huvunja kingo. Chai nzito, kahawa na binzari huchafua rangi ya kijazio baada ya muda, na uchafu wa juu unaweza kung'arishwa tena bila kubadilisha kitu. Kama unaamka taya zimechoka, huenda unasaga meno usingizini. Uulizie kinga ya plastiki ya usiku.

Pitia kwa daktari kila baada ya miezi 6 au hata mwaka, kadiri atakavyokupangia. Katikati ya hapo, jikague kwa ulimi na uzi. Mstari wa kahawia ukingoni unaoweza kuwa rangi tu, mwonyeshe. Ukingo uliokuwa laini ukaanza kukwaruza, au uzi ukaanza kuchanika mahali pale pale, piga simu wiki hiyo, jino likiwa bado halijaanza kuuma.